Umeme ulikatika katikati ya kupushi, sasa Git inasema kitu kimeharibika. Tufute repo tuanze upya?

«Jambo sana yaya. Tuko watu sita, tunatengeneza programu ya stoki kwa maduka na depo za hapa Lubumbashi. Ofisi iko Kamalondo. Seva yetu ya Git (programu ya kutunza msimbo na historia yake) ni kompyuta ya mezani yenye Linux ya Debian na Gitea, kurasa za kuisimamia Git, na ina diski mbili zinazoandikwa sawasawa, yaani RAID 1. Juma lililopita mvua ilipiga na radi, umeme ukakatika wakati mwenzetu anapushi, yaani anapeleka kazi yake kwenye seva. Tangu uliporudi, kila anayevuta msimbo anaona “error: object file ... is empty”, halafu “fatal: loose object ... is corrupt”. Mmoja wetu alifuta faili moja tupu, kosa likabadilika tu. Kuna anayesema tufute repo (hazina ya msimbo) yote tupushi upya kutoka laptopu yake, na mwingine anasema tuendeshe git gc, amri ya kusafisha repo. Mimi nilidhani diski mbili ndiyo bekapu. Tena komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za mwenzetu wa Kinshasa zinaonekana ziko saa moja nyuma, je, nazo zimeharibika? Patroni anauliza kama tuhamie GitHub moja kwa moja. Tufanye nini?»

Mdogo wangu, karibu hakika msimbo wenu haujapotea. Umelala kwenye laptopu zenu sita, pamoja na historia yake. Kinachoweza kuupoteza kuanzia sasa ni haraka ya watu wenye nia njema, kila mmoja na dawa yake. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, simamisha huduma kwa `systemctl stop gitea`. Waambie wenzako wasipushi, wasivute wala wasifute kloni zao, yaani nakala za repo kwenye laptopu. Kisha nakili folda nzima ya repo kwenye diski ya nje kwa `cp -a`, jinsi ilivyo, pamoja na ubovu wake. Ukishakuwa na nakala hiyo, kosa lolote utakalofanya baadaye linarekebishika.

Sasa tuone kilichotokea, maana usipokielewa utatibu dalili tu. Git huhifadhi kila kitu (faili, orodha ya folda, komiti) chini ya jina linalotokana na yaliyomo yenyewe: hashi ya herufi 40. Mbili za kwanza zinakuwa jina la folda ndani ya `objects`, na 38 zinazobaki jina la faili. Yaliyomo yanabanwa kabla ya kuandikwa, hivyo faili la namna hii haliwezi kamwe kuwa na baiti sifuri. Ukikuta tupu, ujue uandishi wake haukukamilika.

Haukukamilika kwa sababu Linux ikiambiwa “andika”, haiendi kwenye diski papo hapo. Data hukaa kwanza kwenye RAM, na kwa mipangilio ya kawaida inaweza kukaa humo hadi sekunde 30 hivi kabla ya kushushwa. Jina la faili na data yake havishuki kwa wakati mmoja. Ni kama karani wa depo anayeandika kwenye daftari namba ya gunia la unga ambalo bado liko juu ya lori: lori likiondoka ghafla, daftari lina namba lakini sakafuni hakuna gunia. Hilo ndilo faili lenu tupu. Programu inaweza kuilazimisha diski ithibitishe kwamba data imefika kweli, lakini kwa vitu vidogo vya mojamoja Git kwa kawaida haifanyi hivyo, kwa ajili ya kasi.

Kuna jambo lingine ambalo wasimamizi wengi hawalijui, nalo linaeleza kwa nini ajali hii huwapata hasa watu wanaopushi kidogo kidogo. Pushi yenye vitu visivyofika 100 hutawanywa na seva kuwa faili mojamoja. Ikifika 100 au zaidi, hubaki kuwa paki moja, yaani faili moja lenye vitu vingi, na paki huwa inathibitishwa kwenye diski. Ndiyo maana historia yenu ya miaka, iliyokwisha kufungwa kwenye paki, ina uwezekano mkubwa wa kuwa salama, na kilichoumia ni kazi ya dakika ile ya mwisho.

Mwenzenu aliyefuta faili tupu msimkaripie. Halikuwa na kitu ndani, basi hakupoteza kitu; kosa limehama tu kutoka “corrupt” kwenda “missing”. Ila kuanzia sasa msifute, hamisheni.

Hilo la diski mbili linanihuzunisha kila ninapoliona, na naliona sana. RAID 1 inakulinda diski moja ikifa. Haikulindi dhidi ya umeme, wala mtu anayefuta, wala programu inayoandika upuuzi, kwa sababu upuuzi huo unaandikwa kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Faili lenu tupu liko tupu mara mbili.

Kuhusu `git gc`, si sasa. Mara nyingi itagoma yenyewe ikikuta kitu kinakosekana. Lakini kazi yake ni pamoja na kuondoa vitu visivyoelekezwa na tawi (mkondo wa kazi wenye jina) lolote vilivyopita wiki mbili, na wakati matawi yenyewe yana mashaka, kitu chema kinaweza kuonekana kama takataka. Tena kwenye seva huenda hakuna reflog (daftari la Git la hatua za kila tawi) ya kukurudisha nyuma, tofauti na laptopu.

Pendekezo la kufuta yote na kupushi kutoka laptopu moja ndilo ninalolikataa kwa nguvu zaidi. Kloni ina historia ya kile ilichokwisha kuvuta. Matawi ya wenzako yaliyopushiwa baada ya hapo haina. Hata yale inayoyajua, `git push --all` hupeleka matawi ya mwenye laptopu tu. Ya wengine yamekaa kando chini ya `origin/` na hayaendi, na tagi (alama za matoleo) nazo zinabaki mpaka uziombe. Zaidi ya hayo, Gitea huweka tiketi, majadiliano, funguo za SSH na ruhusa za watumiaji kwenye hifadhidata yake, nje ya Git kabisa. Ukifuta repo kupitia kurasa za Gitea, hayo yote ya repo hiyo yanakwenda nayo.

Turudi kwenye seva. Kabla ya kugusa Git, hakikisha diski ni nzima. `df -h` na `df -i` zitakuonyesha kama nafasi imejaa. Ya pili ni muhimu kwa sababu diski inaweza kuwa na gigabaiti tele huku idadi ya mafaili inayoruhusiwa imekwisha. `cat /proc/mdstat` ionyeshe `[UU]`, yaani diski zote mbili ziko kazini. Tazama `dmesg` kama kuna “I/O error”, na kwa `smartctl -a` soma mistari miwili tu: Reallocated_Sector_Ct (sekta za diski zilizobadilishwa) na Current_Pending_Sector (zinazosubiri). Zikiwa sifuri, endelea. Zikiwa zinapanda, acha, ruka mpaka aya ya mwisho.

Amri zote zinazofuata ziendeshe kama mtumiaji anayemiliki repo, kwa mfano `sudo -u git`, usitumie root (msimamizi mkuu wa mashine). Ukitumia root, kwanza Git mpya zitakulalamikia “dubious ownership”, na ukilazimisha, mafaili mapya yatakuwa ya root na kesho watu watashindwa kupushi kwa “insufficient permission”. Nimeona timu zikipona ajali ya kwanza kisha zikahangaika siku nzima na hii ya pili, zikidhani uharibifu umerudi.

Endesha `git fsck --full` na usome polepole. Mistari ya “dangling” isikutishe, hivyo ni vitu vilivyoachwa na kazi ya kawaida. Yenye maana ni “missing”, “broken link” na “empty”. Kisha `find objects refs -type f -empty` itakupa orodha ya mafaili yote matupu. Yahamishe kwenye folda nje ya repo. Angalia pia mafaili ya matawi ndani ya `refs/heads`: kila moja liwe na herufi 40 za hashi na mwisho wa mstari, jumla baiti 41. Baada ya umeme kukatika unaweza kukuta tawi lenyewe ni tupu au limejaa sifuri, na hapo hata kama vitu vyote vipo, Git haijui pa kuanzia. Usishangae kama tawi fulani halina faili humo. Matawi mengine hukaa kwenye faili moja liitwalo `packed-refs`.

Hashi sahihi ya tawi mtaipata kwenye laptopu. Kila mmoja aandike jibu la `git rev-parse origin/main`, yaani tawi kuu la seva kama laptopu yake ilivyoliona mara ya mwisho, bila kuvuta chochote kwanza. Yule aliyekuwa anapushi atoe pia `git rev-parse main`, kwa sababu kama seva ilizimika kabla ya kumjibu, `origin/main` yake bado ni ya zamani ila `main` yake ndiyo mpya. Mkikubaliana ni ipi ya mwisho, subiri mpaka vitu vyake vifike kwenye seva, ndipo uandike `git update-ref refs/heads/main` ikifuatiwa na hashi hiyo.

Kuvileta vitu ni kazi rahisi kuliko watu wanavyodhani, na hapa ndipo uzuri wa Git unapoonekana. Kwa kuwa jina la kitu linatokana na yaliyomo, kitu chenye hashi ileile kutoka laptopu yoyote ni kilekile. Kwenye laptopu ya aliyekuwa anapushi endesha `git fsck --full` kuhakikisha kloni yake ni nzima, halafu `git repack -a`, bila `-d`, ili isiondoe kitu. Ndani ya `.git/objects/pack` chukua lile faili kubwa jipya lenye mwisho `.pack` na mwenzake mwenye jina lilelile na mwisho `.idx`, uyanakili kwenye `objects/pack` ya seva. Rudia `git fsck --full`. Kama bado kuna kinachokosekana, chukua paki ya laptopu nyingine, na nyingine. Vitu vikijirudia havidhuru.

Ikitokea blobu (yaliyomo ya faili moja) moja tu haipatikani kwenye kloni yoyote, usikate tamaa. Huenda faili lenyewe bado liko wazi kwenye kihariri cha mtu au kwenye folda yake ya kazi. `git hash-object` juu ya faili hilo ikitoa hashi ileile inayotafutwa, ndilo. Ongeza `-w` ndani ya repo na kitu kimezaliwa upya, herufi kwa herufi. Mngekuwa na Subversion, programu nyingine ya kazi hii, nisingekuambia haya kwa furaha, maana huko nakala ya mfanyakazi haibebi historia nzima.

fsck ikinyamaza kuhusu “missing”, angalia hifadhidata. Kama Gitea yenu inatumia SQLite, `PRAGMA integrity_check;` ijibu “ok”. Tazama kama hati ndogo ndani ya `hooks` nazo hazikubaki tupu, maana bila hizo Gitea haitajua kwamba mtu amepushi. `gitea admin regenerate hooks` huziandika upya. Ukiona faili lenye mwisho `.lock` limebaki, liondoe baada tu ya kuhakikisha hakuna mchakato wa git unaoendelea. Washa huduma, piga kloni mpya mahali pengine, jengeni programu yenu kutoka humo. Ikijengeka na kukimbia, waruhusu wengine.

Saa za mwenzenu wa Kinshasa ni nzima kabisa. Git huandika sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970 na pembeni huweka tofauti ya saa za mahali: +0200 kwetu, +0100 kwao. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, basi. Ila angalia saa ya seva yenyewe: kompyuta ya zamani yenye betri iliyokufa kwenye ubao wake huamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na hapo muunganisho wa HTTPS huanza kukataliwa kwa sababu cheti kinaonekana hakijaanza kutumika.

Sasa namna ya kuzuia. Umeme wa Lubumbashi utakatika tena, na msimu wa mvua ndio huo. Seva lazima ipangwe kana kwamba inaweza kuzimwa dakika yoyote. Tazama `git --version`. Kuanzia 2.36, iliyotoka Aprili 2022, ndani ya kila repo weka `git config core.fsync all`, kwa toleo la zamani tumia `core.fsyncObjectFiles true`. Ongeza `receive.unpackLimit 1` ili kila pushi, hata ndogo, ibaki paki na ithibitishwe kwenye diski. Weka pia `receive.fsckObjects true`, seva ikatae kitu kibovu kabla hakijaingia. Mtapoteza kasi kidogo sana. Kwa watu sita hamtaihisi. Paki ndogo zitakuwa nyingi, na hapo `git gc` ya mara kwa mara, repo ikiwa nzima, ina kazi yake halali.

Halafu nunueni UPS (betri ya akiba ya seva), na muiunganishe kwa ule waya wa USB ambao wengi huuacha ndani ya katoni. Bila waya, UPS inaahirisha ajali kwa dakika kumi. Ukiwa na waya na programu ya NUT, seva inajulishwa kwamba betri inaisha na inajizima yenyewe kwa utaratibu. Umeme ukirudi, msiiwashe seva papo hapo. Hapa kwetu mara nyingi unarudi kwa nguvu, unakatika tena, kisha ndipo unatulia; ngojeni utulie.

Bekapu ya kweli iko kwenye mashine nyingine, na moja iko kwenye nyumba nyingine. Kila usiku kompyuta ya pili ivute nakala iliyotengenezwa kwa `git clone --mirror`, na `gitea dump` ichukue hifadhidata na mipangilio. Lakini nakala ya kioo inaiga, na mtu akiandika juu ya tawi kwa nguvu, nayo itafuata. Kwa hiyo kila juma fanyeni `git bundle create` na `--all`, faili moja lenye tarehe katika jina, mlikague kwa `git bundle verify`, liwekwe kwenye flash na liende kulala Katuba au Ruashi kwa mmoja wenu. Halili mega za intaneti hata moja. Kila mwezi jaribuni kurudisha repo kutoka kwenye flash hiyo. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni hii hii, ilifuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya ikakuta njia zake za bekapu hazifanyi kazi ilivyodhaniwa; saa sita hivi za data ya watumiaji zilipotea, ingawa repo zenyewe za Git zilisalimika. Bekapu ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Mwambie patroni hivi kuhusu GitHub: ni chaguo la heshima, na tangu Aprili 2020 repo za siri zenye washiriki wowote ni bure. Diski na umeme vinakuwa shida ya watu wengine. Gharama yake ni mega, na utegemezi. Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini kwa takriban wiki tatu; timu yenye seva ndani ya ofisi iliweza kuendelea kupushi kwa waya wa ndani. Nikiwa mimi, kwa watu sita ambao mmoja wao yuko Kinshasa, ningebaki na Gitea kwa kazi ya kila siku na kuiagiza ipeleke nakala GitHub kila usiku. Lakini kama hakuna kati yenu aliye tayari kusoma fsck kila wiki na kujaribu bekapu kila mwezi, hameni bila aibu. Seva isiyo na mwenyewe ni hatari kuliko mtandao wa polepole.

Mwisho, mahali pa kuacha kunisoma na kumwita mtu. Diski ikitoa mlio wa kugonga, `dmesg` ikirudia “I/O error”, au sekta zinazosubiri zikiongezeka kila ukitazama, zima mashine. Usiendeshe ukarabati wa mfumo wa mafaili juu ya diski hiyo, kwa sababu kila kuandika kunaweza kuharibu zaidi. Tafuta fundi wa kuokoa data atakayeanza kwa kuichukua diski nzima kwa `ddrescue` kwenye diski mpya na kufanya kazi juu ya nakala. Akitaka kuanza kurekebisha ile ya awali moja kwa moja, mchukulie diski yako uondoke. Vilevile kama paki zenu za zamani ndizo zilizovunjika na laptopu zote sita zinakosa vitu vilevile, usijaribu peke yako usiku. Mlete mtu anayeijua Git akae nawe mbele ya seva, na laptopu zote sita ziwe mezani siku hiyo, na hata ya mwenzenu aliyewahi kuacha kazi, kama yupo na bado mnaweza kumpata.